Mcheza Kwao Hutunzwa

Kila mwaka, mvua zinapopungua juu ya milima ya Bashu na mwezi wa saba unapokaribia, shule zetu za Vuhovi hufika mwisho wa safari yao. Walimu wamekwisha kusahihisha mitihani. Uwanja umefagiwa, majani ya migomba yamefungwa kwenye nguzo, na mabenchi yametolewa darasani yakapangwa kivulini. Wazazi huja mmoja mmoja, wamevaa nguo za Jumapili, na kila mmoja ana swali moja tu moyoni mwake: Je, mwanangu amepanda darasa?

Lakini kabla majina hayajasomwa na karatasi za alama hazijagawanywa, zipo saa mbili au tatu zisizohesabiwa katika alama zozote. Wadogo huimba. Mmoja hutoka mbele akakariri maneno yake huku mikono ikimtetemeka. Mzee wa kijiji hualikwa kusema. Wakubwa huigiza mchezo, na watu wazima hucheka mpaka machozi yakawatoka. Hiyo ndiyo sikukuu ya shule. Twapenda kuisemea leo, kwani ni wengi waionao kuwa kitu cha kupitisha wakati tu.

Baba na mwalimu

Siku moja, baada ya Misa, tulimsikia baba mmoja akizungumza na mwalimu wa sekondari mbele ya kanisa. Hakuwa na hasira, lakini uso wake ulionyesha kwamba jambo hilo limemkaa rohoni siku nyingi.

«Bwana Mwalimu,» alisema, «mimi nalipa karo ili binti yangu ajifunze hesabu na Kifaransa. Sasa ni mwezi mzima anarudi nyumbani jioni. Nikimwuliza, ananiambia walikuwa katika mazoezi ya mchezo. Maharagwe yanamngoja shambani. Je, cheti atakipata kwa kuigiza?»

Mwalimu akamjibu kwa upole: «Baba, una haki ya kuuliza. Lakini ukumbuke, binti yako alipofika kwangu mwezi wa tisa hakuweza kutaja jina lake mbele ya wenzake bila kuinamisha uso. Nakuomba jambo moja. Njoo siku ya sikukuu, ukae, utazame. Kisha uniulize tena swali lako.»

Baba yule akatikisa kichwa, akaenda zake. Swali lake halikuwa la kijinga. Karo ni jasho, na shamba halingoji mtu. Kwa hiyo nasi twaona yafaa tumpe jibu la kweli.

Shule iliyorithi ngoma

Ili maneno yetu yasiwe matupu, tufunge safari mpaka pwani ya Tanzania, katika mji wa Bagamoyo. Msomaji atauliza: Bagamoyo na Vuhovi zina udugu gani? Udugu upo, nao umo kinywani mwetu. Katika karne ya 19 misafara ya wafanyabiashara ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora na Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika na kuingia nchi ya Maniema. Njia ile ilijaa machozi, kwani mizigo yake ilikuwa watumwa na pembe za ndovu. Lakini ni kwa njia kama hizo Kiswahili kilifika katika Kongo ya mashariki, mpaka leo twakitumia sokoni, kanisani na katika ukurasa huu. Tena Mapadre wa Roho Mtakatifu walijenga misioni yao Bagamoyo mwaka 1868, nayo ndiyo misioni ya kwanza ya Kikatoliki katika Tanzania bara.

Tanganyika ilipata uhuru mwaka 1961. Mwaka uliofuata Rais Julius Nyerere aliunda wizara ya utamaduni. Nyerere alikuwa mwalimu kabla ya kuwa rais. Alifundisha katika shule za Kikatoliki za St. Mary's huko Tabora na St. Francis huko Pugu. Basi alijua alilosema alipolalamika kwamba vijana waliosoma shule za wakoloni walijua kucheza waltz na foxtrot, lakini ngoma za babu zao hawakuzijua, na wengine waliona haya kuzitaja.

Serikali ikaunda kundi la taifa la ngoma, baadaye la sarakasi na la michezo ya kuigiza. Makundi yale yalifanya kazi nzuri. Lakini kundi huonyesha, na shule hurithisha. Mchezaji wa kundi akizeeka bila mwanafunzi, ngoma yake huzeeka pamoja naye. Mwaka 1981, makundi yalipokuwa yamekwisha kuvunjwa, pakawa na Chuo cha Sanaa huko Bagamoyo. Wale waliokuwa wachezaji wa kusifiwa majukwaani wakawa walimu. Mmoja wao alikuwa Hukwe Zawose, mtoto wa Wagogo wa Dodoma, fundi wa zeze na ilimba. Alisafiri na muziki wake katika nchi nyingi za dunia, na kule Bagamoyo aliwafundisha vijana, hata alipofariki mwaka 2003 sauti ya ilimba haikufa naye.

Kuanzia mwaka 1982 chuo hicho kimekuwa na tamasha lake. Wanafunzi hutoka darasani wakaonyesha walichojifunza: ngoma, muziki, sarakasi na michezo ya kuigiza. Wageni kutoka nchi nyingine huja kucheza nao, na watu hukaa pamoja kuzungumza juu ya sanaa na kufundishana. Wenyeji wa mji huja na watoto wao. Kwa mwanafunzi, hilo ni kama mtihani, ila wasahihishaji wake ni watu wote.

Mwaka 2002 likatokea jambo la kuvunja moyo. Moto uliteketeza jumba la maonyesho la chuo. Wengi wangalisema: basi, yamekwisha. Lakini tamasha halikufa. Jumba jipya lilijengwa, na mwaka 2007 chuo kikapewa cheo cha taasisi, kikaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Mbao na mapaa viliungua, lakini kilichokuwa kimetiwa ndani ya watu hakikuungua. Neno hilo tulishike vizuri, kwani sisi tunaokaa Kivu ya Kaskazini twajua maana ya kuunguliwa.

Kilichotupata sisi

Sisi hatuna jumba la maonyesho. Tuna uwanja, na uwanja wenyewe umekwisha kuona mengi. Tangu mwezi wa kumi wa mwaka 2014, mauaji ya raia katika nchi ya Beni yamewatoa watu wengi makwao. Watoto wameingia katika shule za ugenini, bila daftari, wengine bila mzazi. Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza kwamba ugonjwa wa Ebola umeingia katika Kivu ya Kaskazini. Beni, Butembo, Katwa na kwetu Vuhovi tuliguswa. Ugonjwa ulitangazwa kuwa umekwisha tarehe 25 Juni 2020, nao ulikuwa umeua watu zaidi ya 2,200. Na kabla haujaisha, mwezi wa tatu wa mwaka huo huo, shule zote za nchi zilifungwa kwa sababu ya korona.

Tazameni basi tulichopoteza mbali na wafu wetu. Watu waliacha kushikana mikono. Matanga yalifanywa kwa woga. Jirani alimtazama jirani kwa jicho la mashaka. Uvumi ulikimbia kuliko pikipiki: huyu alisema ugonjwa hauko, yule alisema dawa ndiyo iuayo. Na kwa sababu ya uvumi, wagonjwa wengine walifichwa nyumbani mpaka wakawaambukiza waliowapenda.

Watu waliotawanywa na hofu hawarudishwi pamoja kwa amri. Yawapasa kuwa na sababu ya kukaa tena benchi moja, kucheka kitu kimoja, kunyamaza kwa jambo moja. Kanisa hutupa sababu hiyo kila Jumapili. Sikukuu ya shule hutupa sababu nyingine, nayo humkusanya hata asiyesali nasi. Hilo ni jibu letu la kwanza kwa baba yule. Jibu la pili limo katika mambo matatu yanayofanywa siku ile: mazungumzo, muziki na mchezo.

Mazungumzo

Mzee anapoalikwa kusema mbele ya shule, watoto hupata kitabu ambacho hakijachapwa. Wazee wa Bashu husimulia jinsi mababu walivyovuka bonde la Semliki kutoka upande wa mawio, wakapanda milima hii. Mtoto akitazama siku ya anga safi, akaiona Rwenzori na theluji yake ng'ambo ya bonde, atajua kwamba Wakonzo wakaao chini ya mlima ule katika Uganda ni ndugu zake, lugha yao na yake ni moja.

Kadhalika yupo mtu ambaye kila kijana wa jimbo letu yampasa kumjua: Askofu Emmanuel Kataliko. Alikuwa askofu wetu tangu mwaka 1966 mpaka 1997, na mwaka 1989 alianzisha chuo kikuu cha Graben huko Butembo. Alipokuwa askofu mkuu wa Bukavu alisema wazi juu ya mateso ya watu. Mwaka 2000 wenye silaha waliotawala wakati ule walimzuia asirudi kwa kundi lake, wakampeleka Butembo, akakaa huko miezi saba hivi. Alirudi Bukavu mwezi wa tisa, na tarehe 4 Oktoba mwaka ule ule akafariki mjini Roma. Mwanafunzi wa leo alizaliwa baada ya kifo chake. Asiposimuliwa na waliomwona, atamjua kama jina la ukumbusho tu.

Lakini mazungumzo yasiwe ya upande mmoja. Mtoto naye apewe nafasi ya kuuliza. Ukimya wa mtoto si heshima siku zote. Mara nyingine ni hofu, na mwenye hofu huamini kila uvumi.

Muziki

Juu ya muziki hatuna haja ya maneno mengi, kwani watu wetu huimba hata wakilima. Ila twaona hatari moja. Vijana wanajua nyimbo zote za simu, za Kinshasa na za Marekani, nasi hatuwakatazi. Lakini ni wangapi wawezao kuwapigia babu zao wimbo mmoja wa Kinande mpaka mwisho? Ndugu zetu Wakonzo wana marimba yao makubwa iitwayo endara, ambayo wapigaji kadhaa huishambulia pamoja, kila mmoja na sehemu yake. Akikosea mmoja, wote husikia. Ni shule gani nzuri ya umoja kuliko hiyo?

Na wale watoto waliotoka vijiji vilivyokimbiwa, wasikalishwe nyuma. Waulizwe: kwenu mliimba nini siku ya mavuno? Mtoto ambaye nyumba yake imeungua bado ana wimbo wake. Akiimbishwa mbele ya watu, na watu wakampigia makofi, atajua kwamba hakuja mikono mitupu.

Mchezo wa kuigiza

Wako Wakristo wanaofikiri kwamba mchezo wa kuigiza haufai shuleni. Historia ya Kanisa yasema vingine. Majesuiti walipofungua shule zao katika Ulaya katika karne ya 16, waliwafundisha wanafunzi kuigiza, ili wajue kusimama, kusema kwa sauti na kuutawala mwili wao. Corneille na Molière, ambao wanafunzi wetu husoma habari zao katika somo la Kifaransa, wote wawili walipita katika shule za Majesuiti.

Tena kuna kijiji cha Ujerumani kiitwacho Oberammergau. Mwaka 1633 tauni iliwaua watu wake. Wakulima wale wakaweka nadhiri: Mungu akituokoa, tutaigiza Mateso ya Bwana wetu, sisi na watoto wetu, kila baada ya miaka kumi. Waliigiza mara ya kwanza mwaka 1634, na wajukuu wao wanaendelea. Mchezo wa mwaka 2020 ulizuiwa na korona. Nao hawakuuacha, waliufanya mwaka 2022. Waigizaji wake si mabwana wa mjini, ni wenyeji wa kijiji chenyewe: seremala, mwalimu, mama wa nyumbani. Sisi tuliopita katika Ebola twaweza kuwaelewa watu wale kuliko wengi.

Na michezo ya kuigiza hatukosi. Maisha ya Mwenyeheri Anuarite Nengapeta, sista wa Jamaa Takatifu aliyeuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964 na kutangazwa mwenyeheri Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985, yanafaa kuonyeshwa kwa wasichana na wavulana pia. Yanafaa vilevile mambo ya kwetu ya kila siku: mlevi auzaye shamba la watoto, ndugu wanaogombea mpaka, baba amwozaye binti kabla hajamaliza shule, uvumi unaoua. Bibi asiyejua kusoma hatasoma tangazo la daktari lililobandikwa ukutani. Lakini akimwona mjukuu wake juu ya jukwaa akicheza sehemu ya bibi mkaidi, atacheka kwanza, kisha atafikiri usiku kucha.

Namna ya kuitengeneza vizuri

Kwa walimu na halmashauri za wazazi, twatoa mashauri machache.

Mazoezi yasile wakati wote wa shamba. Siku mbili katika juma zatosha, zikianza mapema, tangu mwezi wa nne. Wazazi waambiwe siku zenyewe, ili wapange kazi zao.

Mchezo usizidi nusu saa, na hotuba za wakubwa ziwe fupi. Wageni wa heshima wakisema saa nzima, watoto huchoka kabla ya kuimba, na sikukuu ni yao.

Fedha zisiwe kizuizi. Shuka mbili na kamba moja hufanya pazia, na nguo za bibi ni mavazi ya mfalme. Asiyekuwa na kitu cha kutoa asitozwe, wala mtoto asiachwe nje kwa kukosa sare.

Kila mtoto apewe kazi. Aliye na kigugumizi apige ngoma, aliye na mwandiko mzuri aandike maneno ya mchezo. Wale wanaoshika nambari ya mwisho darasani, mara nyingi ndio wa kwanza jukwaani. Nao pia wanahitaji siku moja katika mwaka ya kuitwa kwa jina kwa furaha.

Mwisho, sikukuu ianze asubuhi, ifungwe mapema, ili watokao mbali wafike makwao kabla ya giza. Katika nyakati zetu hilo si jambo dogo.

Alichokiona baba yule

Wasomaji wapenzi, hatukusahau kuwaambia habari ya baba wa maharagwe. Siku ya sikukuu alikuja. Hakukaa kwenye benchi. Alisimama nyuma chini ya mti, mikono amefunga kifuani, kama mtu ambaye ataondoka wakati wowote.

Mchezo ulikuwa juu ya nyumba moja wakati wa ugonjwa. Binti yake alicheza sehemu ya bibi anayemficha mjukuu mgonjwa, kwa sababu alisikia sokoni kwamba mtu aendaye hospitali harudi. Mwanzo watu walicheka, kwani alitembea kweli kama bibi, na fimbo yake, na kikohozi chake. Halafu mjukuu akafa. Bibi akapiga magoti, akasema polepole: «Si ugonjwa uliomwua. Ni mimi niliyemwamini mtu wa sokoni kuliko macho yangu.»

Hakuna aliyecheka tena. Mama mmoja karibu nasi alifunika uso kwa kitenge chake. Katika uwanja ule walikuwapo watu waliomzika ndugu yao bila kumwosha wala kumgusa, na wengine waliojua mioyoni mwao kwamba walichelewa kumpeleka. Kwa miaka mingi hawakuwa wamelisema jambo hilo kwa kinywa. Mtoto wa sekondari alilisema kwa ajili yao, kwa sauti iliyofika mpaka chini ya mti.

Yule aliyekuwa hawezi kutaja jina lake!

Matokeo yaliposomwa, binti alikuwa amepanda darasa. Baba akamwendea mwalimu. Tulisogea kidogo, kwa maana tulitaka kusikia.

«Bwana Mwalimu,» alisema, na sauti yake haikuwa imara, «mwaka ujao mazoezi yaanze mapema zaidi. Nami nitapanda maharagwe yangu kwa kalenda yako.»

Wazee walisema kwamba mcheza kwao hutunzwa. Wazazi wa Vuhovi, msiwakawize watoto wenu siku ya sikukuu, wala msiwaache waje peke yao. Njoni mkawatunze.